Saratani: tulipie kwanza teknolojia iliyokwisha kuthibitishwa

Desemba 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia walitangaza kipimo cha saratani kinachotoa jibu ndani ya dakika 10. Walikuwa wamebaini kwamba DNA ya seli za saratani hubeba alama za kikemia zilizopangwa tofauti na zile za seli nzima, na kwamba mpangilio huo huifanya DNA hiyo ijikunje kwa namna inayoipa mvuto wa pekee kwa dhahabu. Wakaichanganya na chembe za dhahabu zilizo ndogo mno, za kiwango cha nano, na rangi ya mchanganyiko ikawa ndiyo jibu. Katika sampuli zipatazo 200 za binadamu, kipimo kilitoa jibu sahihi kwa hadi asilimia 90. Habari ikaenea duniani kwa siku chache, na tangu hapo habari za namna hiyo hazijakoma. Leo tunasoma juu ya vijiroboti vilivyosukwa kwa DNA, kesho chembe zinazopeleka dawa moja kwa moja kwenye uvimbe, keshokutwa tone la damu linalotaja saratani kabla mtu hajahisi lolote. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hubaki na maswali mawili: je, haya ni kweli, na yatatufikia lini?

Kwa swali la kwanza, jibu ni kwamba sehemu kubwa ni kweli, ila ni ukweli wa maabara ambao bado haujapita mtihani wa hospitali. Kwa swali la pili, jibu linauma zaidi: baadhi ya teknolojia hizo zimekwisha kutufikia, nasi hatujazitumia inavyostahili. Ziko mbili, moja ya DNA na nyingine ya chembe za nano, ambazo ushahidi wake ni mzito kuliko wa kipimo au dawa yoyote mpya inayotangazwa sasa. Zote mbili zinapambana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa Tanzania peke yake inakadiriwa kuwapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka. Hoja yangu ni kwamba serikali za Afrika Mashariki zinapaswa kuzilipia teknolojia hizo mbili kwanza, kwa fedha zetu wenyewe, hadi zifike kila kituo cha afya. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo linatuhusu sana katika jambo hili.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza kujua kwa nini habari njema za maabara huchelewa kuwa huduma. Kwamba kuna vipande vya DNA vinavyoelea katika damu kumejulikana tangu 1948, pale wanasayansi wa Ufaransa, Mandel na Métais, walipovieleza. Seli zinapokufa humwaga DNA yake kwenye damu, na uvimbe wa saratani nao humwaga yake. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kipimo cha damu kinachotafuta mabadiliko ya jeni iitwayo EGFR kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ili daktari ajue dawa ipi itawafaa. Hapo kipimo kinamhudumia mtu ambaye tayari anajulikana kuwa mgonjwa. Kumtafuta mgonjwa mmoja miongoni mwa maelfu ya watu wasio na dalili ni kazi nyingine kabisa. Uvimbe mchanga humwaga DNA kidogo sana, nayo hupotea ndani ya wingi wa DNA ya seli nzima, ambayo pengine inatofautiana nayo kwa herufi moja tu. Kipimo cha Galleri cha kampuni ya Grail, kilichoingia sokoni Marekani kwa dola 949, kinaonyesha ugumu huo. Katika utafiti uliochapishwa 2021 kilitambua asilimia 51.5 ya saratani kwa jumla, lakini zile za hatua ya kwanza, ambazo ndizo zenye matumaini makubwa ya kupona, kilitambua asilimia 16.8 pekee. Kwa lugha nyepesi, kati ya wagonjwa sita wa hatua ya kwanza, watano wangerudi nyumbani wakiwa wameambiwa hawana kitu.

Upande wa tiba una somo linalofanana. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na wazo la kutumia chembe za ukubwa huo ni kwamba zinaweza kubeba dawa kali, zikapenya mishipa ya damu inayovuja ndani ya uvimbe, na kuziacha seli nzima salama. Wazo hilo si ndoto. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, dawa ya doxorubicin iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta, na faida yake kubwa ni kupunguza madhara ambayo doxorubicin ya kawaida huyaleta kwenye moyo. Mwaka 2005 ikafuata Abraxane, ambamo dawa ya paclitaxel hubebwa na protini ya albumini. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti nyingi za wanyama uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa, kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa iliyofika ndani ya uvimbe. Nyingine zilinaswa njiani, hasa na ini na bandama. Vijiroboti vya DNA vilivyosifiwa sana 2018 viliziba mishipa ya uvimbe kwa panya, na kati ya panya na mgonjwa wa hospitali ya Bugando au Mulago kuna safari ndefu ya usalama, dozi na bei.

Na bei ndiyo sehemu ya habari hii inayotuhusu zaidi. Doxil iliidhinishwa kwanza kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI waliopata saratani ya Kaposi. Hakuna sehemu ya dunia iliyoumia kwa saratani hiyo kuliko Afrika ya mashariki na kusini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya saratani ya teknolojia ya nano ililenga ugonjwa ambao ni wetu kabisa, na bado miaka 30 baadaye wagonjwa wengi wa ukanda huu hutibiwa kwa dawa nyingine kwa sababu hiyo ni ghali. Watafiti wakalazimika kutafuta njia mbadala, na utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na nchi nyingine kadhaa, uliochapishwa 2020, ukaonyesha kwamba paclitaxel ya kawaida pamoja na dawa za kufubaza virusi inafanya kazi nzuri. Somo ni kwamba uvumbuzi kuwalenga wagonjwa wetu hautoshi kuwafikia. Uvumbuzi hufika pale ambapo kuna mtu aliyepanga kuununua, kuusambaza na kuutunza.

Sasa tutazame mahali ambapo teknolojia ya DNA imeshinda waziwazi. Mwaka 2017 timu ya Dennis Lo wa Hong Kong ilichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 20,174 wasio na dalili, ikitafuta katika damu yao DNA ya kirusi cha Epstein-Barr, ambacho huchangia saratani ya nyuma ya pua. Waligundulika wagonjwa 34, na asilimia 71 kati yao walikuwa katika hatua ya kwanza au ya pili, ambapo kwa kawaida ni kama asilimia 20 tu ya wagonjwa wa huko wanaogundulika mapema hivyo. Kwa nini kipimo hiki kilifaulu na kile cha Galleri kikasuasua? Kwa sababu DNA ya kirusi ni ya kigeni. Haifanani na DNA ya binadamu kwa lolote, hivyo mashine haihangaiki kutafuta herufi moja iliyobadilika kati ya mabilioni. Inatafuta mgeni, na mgeni huonekana. Pale saratani inaposababishwa na kirusi, kipimo cha DNA hupata nguvu ambayo hakina kwingineko.

Hili ni jambo kubwa kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa saratani zinazoletwa na virusi ni sehemu kubwa ya mzigo wetu kuliko zilivyo kwa Ulaya au Marekani. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV. Saratani ya Kaposi huletwa na kirusi kilichogunduliwa 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Saratani ya ini kwa kiasi kikubwa huanzia kwenye homa ya ini ya aina ya B. Limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto, ilielezwa 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Kampala, na ni sampuli za wagonjwa wa Uganda zilizopelekwa London ndizo zilizowezesha kirusi cha Epstein-Barr kugunduliwa 1964. Elimu ya saratani na virusi imejengwa kwa sehemu juu ya miili ya watoto wa ukanda huu. Ni haki matunda yake yarudi hapa, na kwa bahati njema ni hapa hasa ambapo matunda hayo yanafaa zaidi.

Tunda lililoiva kuliko yote ni kipimo cha DNA ya HPV. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake walitambua aina ya 16 ya kirusi hicho mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na ugunduzi huo ulimpa zur Hausen Tuzo ya Nobel 2008. Kutoka hapo likaja swali la vitendo: je, kumpima mwanamke DNA ya kirusi kunaokoa maisha? Jibu lilitoka vijijini India, katika wilaya ya Osmanabad, ambako wanawake 131,746 wa umri wa miaka 30 hadi 59 waligawanywa katika makundi na kufuatiliwa kwa takriban miaka minane. Kundi lililopimwa HPV mara moja tu lilikuwa na vifo 34 vya saratani hiyo; kundi lililoachwa na huduma ya kawaida lilikuwa na vifo 64. Katika utafiti huohuo, kipimo cha siki, ambayo hupakwa kwenye mlango wa kizazi ili mabadiliko yaonekane kwa macho, na kile cha kuchunguza seli kwa hadubini havikupunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika. Matokeo yalichapishwa 2009. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza kipimo cha DNA ya HPV kiwe chaguo la kwanza la uchunguzi, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Kwa wanawake wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni mara sita zaidi, kuanzia miaka 25 na kila baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Kipimo hicho kina sifa tatu zinazokifanya kiwafae wanawake wa vijijini kuliko vingi vinavyosifiwa. Kwanza, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, faraghani, bila kulala kitandani mbele ya mhudumu, na WHO inakubali njia hiyo. Pili, mashine zinazohitajika nyingi tayari zipo. GeneXpert, ambazo zilianza kusambazwa kwa ajili ya kifua kikuu baada ya WHO kuzipendekeza mwishoni mwa 2010, na ambazo wakati wa UVIKO-19 zilitumika kupima virusi vya korona, zinaweza kupima HPV kwa kubadilisha kasha la vitendanishi tu, na majibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Tatu, mwanamke ambaye hana kirusi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kuhitaji kupimwa tena, jambo linalomwokolea nauli na kuiokolea kliniki foleni.

Teknolojia ya pili ni chanjo, na wengi hawajui kwamba nayo ni kazi ya nano. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu kilekile cha Queensland, Ian Frazer na Jian Zhou walifanikiwa kuzifanya protini za ganda la HPV zijipange zenyewe na kuwa mpira mdogo wa nanomita 55 hivi, unaofanana na kirusi kwa nje lakini usio na DNA ndani. Maabara za Marekani nazo zilikuwa zikiifanya kazi hiyo wakati huohuo. Mpira huo mtupu hauwezi kumwambukiza mtu chochote, lakini kinga ya mwili huuona, huujifunza na kujiandaa. Ilichukua miaka 15 hadi chanjo ya kwanza kuidhinishwa 2006. Leo ushahidi umejaa. Sweden ilifuatilia wasichana na wanawake milioni 1.67 na 2020 ikaripoti kwamba waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na saratani hiyo kwa asilimia 88 pungufu. Mwaka 2024 Scotland iliripoti kwamba haikumwona hata mgonjwa mmoja miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Ni nadra chembe ya nano kuonyesha matokeo ya namna hii dhidi ya saratani.

Zaidi ya hayo, sehemu ya ushahidi muhimu wa karibuni imetoka kwetu. Mjini Mwanza, utafiti uliowahusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kwamba dozi moja ya chanjo huamsha kinga imara. Kenya, wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 wa Kisumu, Nairobi na Thika walishiriki utafiti uliochapishwa 2022, ambao uliona dozi moja ikizuia maambukizi ya HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Desemba 2022 WHO ikakubali ratiba ya dozi moja, na 2024 Tanzania ikaanza kuitumia. Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2011, nchi ya kwanza Afrika kuanzisha chanjo hii kitaifa, na mwaka huohuo wa kwanza iliwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Kwa hiyo anayesema kwamba teknolojia ya kisasa ya saratani ni ya wazungu na sisi tunaisubiri, hajasoma mchango wa Mwanza na Kisumu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba tayari tuna kipimo cha siki, ambacho ni rahisi, hutoa jibu papo hapo na hakihitaji umeme. Kwa nini tutumie fedha kwenye mashine? Hoja hii ina ukweli wake. Mjini Mumbai, utafiti wa miaka 12 uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba siki iliyopakwa na wahudumu wa afya ya msingi kila baada ya miaka miwili ilipunguza vifo kwa asilimia 31. Lakini hayo yalikuwa mazingira ya utafiti, yenye mafunzo na usimamizi wa karibu. Kipimo cha siki hutegemea jicho la mtu, na jicho la muuguzi aliyehudumia watu tangu alfajiri si jicho la mtafiti aliyesimamiwa. Isitoshe, siki hutafuta mabadiliko yaliyokwisha kutokea, ilhali kipimo cha DNA humtambua mwanamke aliye hatarini hata kabla ya mabadiliko hayo. Siki ibaki pale ambapo hakuna mashine, na iendelee kusaidia kuamua nani atibiwe baada ya kukutwa na kirusi. Kuifanya iwe ndiyo mwisho wa uwezo wetu ni kuridhika na kidogo wakati kikubwa kipo chumba cha pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumwambia mwanamke ana kirusi cha saratani halafu usiwe na tiba ya kumpa ni kumtesa bure. Nakubaliana nalo moja kwa moja, na ndiyo sababu naliweka kuwa kigezo cha kupima kila teknolojia. Kipimo chochote kihukumiwe kwa kuuliza kama aliyekutwa na tatizo atapata tiba, wapi, na baada ya siku ngapi. Kwa kigezo hicho HPV inapita, kwa sababu mabadiliko ya awali hutibika katika kituo cha afya kwa kifaa cha mkononi cha joto kinachotumia betri, ambacho WHO ilikitolea mwongozo 2019, na tiba yenyewe ni ya dakika chache bila kulazwa. Kipimo cha damu cha kutafuta saratani zote hakipiti, kwa kuwa anayekutwa na ishara angehitaji picha za CT, wataalamu wa patholojia na upasuaji ambavyo kwa wilaya nyingi haviko karibu. Hata HPV itahitaji hospitali kubwa kwa wale watakaokutwa na saratani iliyokomaa, na hapo tukumbuke yaliyotokea Uganda 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika pale Mulago na nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila nyingine. Bajeti ya kupima isiyokuwa na fungu la kutibu na fungu la matengenezo ni bajeti pungufu, na wabunge wanapaswa kuikataa.

La tatu ni fedha. Itasemwa kwamba makasha ya HPV ni ghali kwa nchi zenye madeni na shule zisizotosha. Lakini tiba ya saratani iliyosambaa ni ghali zaidi, kwa taifa na kwa familia inayouza shamba ili kumpeleka mama hospitali ya Ocean Road au Kenyatta. Gharama za mashine moja zinaweza kugawanywa kati ya kifua kikuu, VVU na HPV, na bei za makasha zinajadilika: mwaka 2023, baada ya shinikizo la miaka mingi, kasha la kifua kikuu lilishushwa kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikinunua pamoja, zitasikilizwa zaidi kuliko kila moja ikienda na oda yake ndogo. Na tusijidanganye kwamba wafadhili watatubebea jambo hili daima. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa wanawake wanaoishi na VVU ilikuwa ikilipiwa na mpango wa Marekani wa PEPFAR, na Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, tuliona jinsi huduma inayotegemea saini ya mji mwingine inavyoweza kuyumba kwa siku moja. Tanzania ina sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na Kenya imejenga mamlaka mpya ya bima ya jamii. Kipimo cha DNA ya HPV na tiba ya mabadiliko ya awali viwe katika kifurushi cha msingi, vikilipiwa kwa jina na kwa kiasi kinachojulikana.

La nne ni hofu. Wapo wanaoogopa kwamba kupimwa DNA ni kuchukuliwa siri za ukoo na kupelekwa nje, na wapo wanaoamini kwamba chanjo inalenga kuwafanya mabinti wasizae. Watu hawa hawapaswi kudhihakiwa, wanapaswa kuelezwa. Kasha la HPV husoma DNA ya kirusi, wala halisomi nasaba ya mwanamke. Chanjo ni ganda lisilo na DNA ya kirusi, na imetumika tangu 2006 kwa mamilioni ya wasichana duniani ambao wengi wao sasa ni mama. Kuhusu tafiti ambazo kweli husoma vinasaba vya watu wetu, hofu ina msingi, na dawa yake ni kuzisimamia ipasavyo sheria za kulinda taarifa binafsi tulizonazo, Kenya na Uganda tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Viongozi wa dini na walimu wana nafasi hapa ambayo daktari hana, kwa kuwa mzazi huwaamini wao kwanza.

Mwisho, kuna watakaosema kwamba mwelekeo huu utatufanya tubaki nyuma, wenzetu wakienda mbele na dhahabu na vijiroboti sisi tukihangaika na kirusi kilichogunduliwa 1983. Ningewaelewa kama ningekuwa nadai utafiti usimame. Sidai hivyo. Watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakichunguza kipimo cha damu kinachosoma DNA ya uvimbe na ya kirusi cha Epstein-Barr ili kuwatambua haraka watoto wenye limfoma ya Burkitt, ambao mara nyingi hupoteza wiki wakisubiri majibu ya patholojia huku uvimbe ukikua. Huo ndio utafiti wa kulipia: unaanza na ugonjwa wetu na unaishia kwenye tiba iliyopo. Nchi iliyozoea kuchukua sampuli vizuri, kutunza mashine, kurudisha majibu kwa wakati na kumfuatilia mgonjwa hadi apone, ndiyo itakayokuwa tayari siku kipimo cha dhahabu kitakapothibitishwa. Nchi isiyoweza kufanya hayo kwa HPV haitaweza kuyafanya kwa kitu kigumu zaidi.

Kwa hiyo wizara za afya zianze na kazi tatu katika bajeti ijayo: kununua makasha ya HPV kwa mashine zilizopo, kupeleka vifaa vya tiba ya joto katika kila kituo cha afya, na kuchapisha kila mwaka idadi ya wanawake waliopimwa, waliokutwa na tatizo na waliotibiwa, ili mwananchi aweze kuhoji. Mzazi mwenye binti wa umri wa chanjo ahakikishe amechanjwa. Na mwanamke aliyefika miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na VVU, aende kituo cha afya kilicho karibu aulize kipimo cha DNA ya HPV. Akiambiwa hakipo, apime kwa siki siku hiyohiyo, kisha amuulize diwani na mbunge wake kitafika lini.